Santuri ya Kwanza si Muziki wa Kwanza

Ubishi huu haukauki. Redio inamkaribisha msanii mkongwe, mtangazaji anamtambulisha kuwa "muasisi wa Bongo Fleva", na kipindi hakijaisha wasikilizaji wameshagawanyika. Huyu anamtaja Saleh J. Yule anasema Kwanza Unit. Wa tatu anaapa kwamba bila Mr II kusingekuwa na cha kujadili. Wakongo wana ubishi wao kuhusu rumba, Wamarekani kuhusu rap na rock, Wajamaika kuhusu rege. Kila upande unaleta wimbo wake na mwaka wake, na mara nyingi kila upande una ukweli mkononi. Ndiyo maana hakuna anayeshindwa: wanajibu maswali tofauti wakidhani wanajibu moja.

Tuanze kwa kutenganisha mambo matatu yanayochanganywa. Wimbo ni utungo, yaani maneno na sauti zake. Unaweza kuishi midomoni mwa watu miaka mingi bila mashine yoyote kuunasa. Rekodi ni uimbaji mmoja ulionaswa mahali fulani, siku fulani, na mtu mwenye mashine. Mtindo wa muziki ni mazoea ambayo wanamuziki na wasikilizaji wameshayazoea kiasi cha kuyatambua mara moja: mdundo wake, ala zake, namna ya kuimba, namna ya kucheza, hata mahali unapopigwa. Mtindo ni jambo la watu wengi na la muda mrefu, lakini rekodi ni jambo la siku moja. Kwa hiyo kila ukisikia kwamba rekodi fulani "ilianzisha" mtindo fulani, ujue tayari kuna kitu kimerukwa hapo.

Fikiria cheti cha kuzaliwa. Wengi wetu tuna ndugu waliopata cheti siku ya kuandikishwa shule, au ukubwani walipotaka pasipoti. Cheti ni halali na muhuri wake ni wa kweli, ila mtoto alikuwa ameshatembea, ameshasema, ameshachunga mbuzi. Tena cheti hutegemea kama ofisi iko karibu, kama mzazi ana nauli, na karani ameandika jina la nani. Santuri inayoitwa ya kwanza ni cheti cha namna hiyo.

Chukua taarab, ambayo ni yetu na ndiyo inayosimuliwa visivyo mara nyingi. Utasikia kwamba Siti binti Saad ndiye aliyeianzisha, na ushahidi unaotolewa ni santuri zake za mwaka 1928. Santuri hizo ni jambo kubwa kweli. Machi mwaka ule Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi na kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri za biashara. Kufikia 1931 zaidi ya nakala 70,000 zilikuwa zimeuzwa, na hii ni pwani ambayo gramafoni ilikuwa mali ya wachache. Wengine walisikiliza barazani kwa jirani au mkahawani.

Lakini taarab ilikuwapo. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri, na Unguja husimuliwa jinsi alivyompeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi ya Kiarabu. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na miaka ile Siti alikuwa bado Fumba, shamba, akiuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911 hivi, na Ali Muhsin, mmoja wa waliomfundisha, alikuwa mtu wa Ikhwani Safaa. Mtu haanzishi fani aliyofundishwa na waliomtangulia.

Basi Siti alianzisha nini? Hapa ndipo kisa chake kinapopendeza, na wanaomwita "muasisi wa taarab" wanamnyima sifa yake halisi kwa kumpa isiyo yake. Taarab ya kasri na ya vikundi vya waungwana iliimbwa kwa Kiarabu, mbele ya wanaume walioalikwa. Siti, binti wa ukoo wa watumwa, aliimba kwa Kiswahili, na aliimba habari zilizokuwa zikizungumzwa Ng'ambo, mtaa wa mji wa Zanzibar: hukumu za mahakama, wanaume waonevu, wenye pesa wanaodhulumu. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Muuaji alitoroka, na walioishia matatani ni wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Kesi iliyopindishwa mahakamani ikawekwa kwenye santuri, ikauzwa dukani, ikasikika hata na wasiojua kusoma gazeti. Hilo lilikuwa jipya, na lilimfikisha hadi kuimba kwenye kasri lile lile ambalo watu wa asili yake waliingia kama watumishi.

Hata Kiswahili kwenye ala za nyuzi hakikuanza naye. Lamu na Mombasa watu walikuwa wakiimba mashairi ya Kiswahili kwa kibangala, na kwenye kundi lake, pamoja na Subeti, Buda na Maalim Shaaban, alikuwamo Mbaruku aliyetoka Mombasa. Kundi lile lilikuwa njia panda ya pwani nzima. Santuri zilikwenda na kuirudishia pwani sauti yake, zikapita kote Kiswahili kilikofika.

Kuna jambo jingine ambalo msikilizaji wa leo hulipitia bila kuliona. Santuri ya zama zile ilibeba dakika tatu hivi kila upande. Wimbo ambao harusini uliendelea kadiri watu walivyoinuka kutunza, ulilazimika kukatwa au kugawanywa pande mbili. Kwa hiyo anayesikiliza rekodi za 1928 na kuhitimisha kwamba nyimbo za taarab ya kale zilikuwa fupi anaipima sahani ya santuri tu. Muziki wenyewe ulikuwa mrefu kuliko mashine iliyoubeba.

Kosa la kuchukua tarehe ya cheti kuwa tarehe ya kuzaliwa limewaumiza wengine vibaya zaidi. Santuri inayotajwa kuwa ya kwanza ya jazz ilirekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917 na Original Dixieland Jass Band, vijana watano wa Kizungu kutoka New Orleans. Katika wimbo mmojawapo, "Livery Stable Blues", ala zao ziliigiza jogoo, farasi na ng'ombe, na santuri iliuzika sana. Baadaye kiongozi wao, Nick LaRocca, alidai mpaka uzeeni kwamba yeye na wenzake ndio waliobuni jazz, na kwamba Weusi hawakuwa na mchango. Ilhali New Orleans ilimjua Buddy Bolden, mpuliza koneti Mweusi aliyekuwa akitikisa kumbi za mji ule tangu kwenye mwaka 1900. Bolden aliugua akili, akaingizwa hospitali mwaka 1907, akabaki humo hadi alipofariki 1931. Hakuna hata sekunde moja ya upulizaji wake iliyosalia. Bendi ya King Oliver, iliyokuwa na kijana Louis Armstrong, ilirekodi santuri zake za kwanza mwaka 1923. Miaka hiyo sita ya kusubiri studio ndiyo iliyompa LaRocca pa kusimamia. Mwenye kuamini santuri peke yake angelazimika kumwamini.

Huko Rio de Janeiro hata santuri haikuhitajika kuanza, ilitosha karatasi. Novemba 1916 mwanamuziki aitwaye Donga aliandikisha "Pelo Telefone" kwenye Maktaba ya Taifa ya Brazil, na ulipotoka kwenye santuri mwaka uliofuata ukaingia historia kama samba ya kwanza. Wimbo ule ulikuwa umechipuka kwenye mikusanyiko ya nyumbani kwa Tia Ciata, mama mashuhuri mwenye asili ya Bahia, ambako watu walicheza na kutungiana beti. Wenzake walilalamika kwamba kazi ya wengi imeandikwa kwa jina la wachache. Walikuwa na haki ya kulalamika, ila karani alikuwa ameshaandika.

Sasa tuje kwenye rap, ambayo ni mzazi wa karibu wa Bongo Fleva. Maelezo ya kawaida ni kwamba rap ilianza kwenye santuri na "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, Septemba 1979. Hata kwa kipimo cha santuri tu si kweli. Mwaka huo huo, kabla yake kidogo, bendi ya Fatback ya New York ilishatoa "King Tim III", wimbo wa kufokafoka waziwazi, uliowekwa upande wa pili wa santuri kana kwamba ni nyongeza. Lakini kubishana juu ya nani alitangulia kwa wiki chache ni kupoteza muda, kwa sababu miaka sita mizima imeachwa nyuma.

Tarehe 11 Agosti 1973, kwenye ukumbi wa jengo namba 1520 Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx, binti aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi ya kiingilio ili apate pesa za nguo za shule. DJ alikuwa kaka yake, Clive, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyejulikana kama Kool Herc. Herc aliwaangalia wachezaji akaona kwamba wanachosubiri ni kile kipande kifupi ambacho waimbaji hunyamaza na ngoma kubaki peke yake. Akabuni namna ya kukirefusha: nakala mbili za santuri moja kwenye mashine mbili, hii ikimaliza kipande ile inakianza. Rafiki yake Coke La Rock alikuwa na kipaza sauti, akitaja majina ya waliokuwapo na kuchangamsha ukumbi. Kwa miaka iliyofuata DJ na MC wengine wa Bronx waliikuza fani hiyo kwenye kumbi na bustani, wakirekodi kaseti hapo hapo na kunakiliana mkono kwa mkono.

Zingatia hizo kaseti. Rekodi zilikuwapo kabla ya "rekodi ya kwanza". Hazihesabiwi kwa sababu hazikuwa na kampuni, namba ya bidhaa wala duka la kuziuza. Mara nyingi tunaposema "ya kwanza kurekodiwa" tunamaanisha "ya kwanza kuuzwa na watu wenye ofisi", na tofauti hiyo si ndogo.

Mwenye ofisi alikuwa Sylvia Robinson, mwimbaji aliyekuwa na kampuni ya santuri New Jersey pamoja na mumewe. Aliisikia fani hii, akaona biashara kabla ya wengine. Hata hivyo hakuwachukua MC waliokuwa na majina Bronx. Alikusanya vijana watatu huko huko New Jersey. Mmoja wao, Big Bank Hank, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la pizza na hakuwa mtunzi. Alitumia mashairi ya Grandmaster Caz wa Bronx, na aliyachukua mazima kiasi kwamba ndani ya wimbo anajitaja kwa jina la kisanii la Caz mwenyewe. Caz hakuandikwa popote kuwa mtunzi. Muziki nao ulikuwa mdundo wa "Good Times" wa kundi la Chic, uliopigwa upya na wanamuziki wa studio. Nile Rodgers na Bernard Edwards, waliotunga "Good Times", walitishia kwenda mahakamani, wakaandikwa watunzi. Ona mizani ilivyolala: wenye mawakili walipata haki yao, kijana wa Bronx aliyetunga maneno hakupata. Mimi siwezi kuusikiliza wimbo ule bila kulikumbuka hilo, ingawa naupenda.

Na naupenda kwa sababu ulifanya kazi ambayo dansi za Bronx peke yake zisingeifanya. Januari 1980 ulifika nafasi ya 36 kwenye chati kuu ya Marekani, ukavuka bahari, na watu ambao wasingefika Bronx maisha yao yote wakajua kwamba mtu anaweza kusema juu ya mdundo badala ya kuimba, na ikawa muziki. Kwa hiyo anayesema "rap ilianza 1973" na anayesema "rap ilianza 1979" hawapingani. Mmoja anazungumzia fani na wa pili anazungumzia bidhaa iliyoitangaza fani hiyo duniani. Vivyo hivyo kwa rumba ya Kongo. "Marie-Louise" ya Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane, iliyotolewa na lebo ya Ngoma mwaka 1948, hutajwa kuwa mwanzo, ilhali santuri za Kuba zilikuwa zikisikika Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville tangu miaka ya 1930, na bendi za mitaani zilishaanza kuzigeuza kuwa zao.

Mtu anaweza kwenda upande wa pili kabisa akasema basi rekodi hazianzishi chochote, zinanukuu tu. Hiyo nayo ni dhana potofu. Zipo rekodi zilizogeuza mambo kwa siku chache, na mfano mzuri kuliko yote naufahamu kutoka Kingston. Mwaka 1985 kijana Wayne Smith na rafiki yake Noel Davey walikuwa na kinanda kidogo cha Casio, MT-40, cha kuchezea nyumbani. Ndani yake kulikuwa na mdundo uliowekwa kiwandani, uliotengenezwa Japani na Hiroko Okuda. Walipeleka kinanda kile kwa prodyuza King Jammy, akapunguza kasi ya mdundo, na "Under Mi Sleng Teng" ikazaliwa bila mpiga besi wala mpiga ngoma. Ulipopigwa kwenye pambano la mitambo ya muziki mwezi Februari, ulimwacha mpinzani wake hana la kujibu. Mashine za ngoma zilikuwa zimeshaanza kutumika Jamaika kabla ya hapo, kwa hiyo hata huu haukutoka hewani. Lakini baada yake studio za Kingston zilihamia kwenye vinanda vya umeme kwa wingi, na wanamuziki wengi waliotegemea kupiga besi na ngoma studioni wakapungukiwa kazi. Hapo rekodi ilikuwa chanzo, kwa sababu iliwaonyesha watu wasio na pesa za bendi kwamba bendi haihitajiki.

Turudi nyumbani sasa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na studio yake ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya muziki wa dansi. Kijana aliyefoka juu ya mdundo wa kuazima hakuwa na pa kuingilia. Saleh Jabir, yaani Saleh J, aliufahamisha mji uwezekano huo alipoweka maneno ya Kiswahili juu ya wimbo wa Vanilla Ice na kushinda shindano la Yo Rap Bonanza mwaka 1991. Kaseti yake ilinakiliwa kote. Kwanza Unit, walioungana 1993, walijenga kundi lenye mashairi na msimamo wake. Redio binafsi ziliporuhusiwa, Radio One ikaanza 1994, na ghafla muziki wa vijana ukawa na mlango. Mr II akaupitia mlango huo na albamu ya Kiswahili iliyouzwa madukani katikati ya miaka ya 1990. Jina lenyewe la Bongo Fleva lilitoka redioni, na Mike Mhagama, mtangazaji wa Radio One, ndiye anayetajwa kulitumia hewani.

Kwa hiyo ukiulizwa nani wa kwanza, muulize anayekuuliza: kufoka kwa Kiswahili na kusikika mji mzima? Kujenga kundi? Kuuza albamu? Kuupa muziki jina? Kila swali lina mtu wake, na kumpa mmoja majibu yote ni kuwadhulumu wengine watatu.

Singeli ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu cheti chake kinaandikwa sasa hivi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na wasikilizaji wa Ulaya wakaisikia singeli kwa mara ya kwanza. Ni kazi nzuri na imewafungulia vijana wale majukwaa makubwa. Lakini tarehe hiyo ikinakiliwa vibaya itakuwa kama 1917 ya jazz. Singeli imetoka kwenye mchiriku, muziki wa ngoma za uswahilini uliobebwa na vinanda vidogo vya Casio, ndugu wa kile kilichobadili Kingston, na ikapata kasi yake kwenye vigodoro, yaani sherehe za mitaani za usiku, vya Manzese na Tandale miaka mingi kabla ya mkusanyiko ule. Msaga Sumu alikuwa akiitwa mfalme wa singeli wakati Ulaya haijaisikia. Ma-MC na mafundi mitambo waliopiga vigodoro hivyo wengi wako hai, na baadhi bado wanapiga kila wikendi. Atakayeandika mwanzo wa singeli aanze kwa kuwauliza hao nani alikuwapo, kinanda kilikuwa cha nani, na mashairi yale aliyatunga nani, kisha ndipo aiandike 2017 mahali pake.